Simamisha Kwanza, Ndipo Useme

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole pamoja na wanafunzi baada ya kusikiliza.)

Nawasalimu ninyi mlioko Soni na Bumbuli. Nawasalimu mlioko Mlalo, Mtae na Lukozi, na ninyi mlioketi hapa Lushoto mjini na mablanketi mabegani kwa ajili ya baridi. Nayasalimu pia madarasa ya mbali, ambayo hayajapata kuiona milima yetu ya Usambara. Kaeni vizuri. Fungueni madaftari yenu na mshike kalamu.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma hati ya mizani. Leo tutakwenda mbele hatua moja. Siku hizi hati ile mara nyingi haiandikwi kwa mkono. Huandikwa na kompyuta. Basi twataka kujua: kompyuta ikikosa hesabu, kosa lile hutafutwaje? Na chombo kinachotafuta kosa, nacho chaweza kutudanganya? Msiogope. Somo hili halihitaji kompyuta darasani. Lahitaji masikio, akili, na mfereji wa maji.

Kwanza: mfereji

Wewe mkulima wa milimani wajua mfereji. Maji hutoka juu kijitoni, hushuka kwa mfereji, hupita mashamba ya wenzako, mwisho hufika kwako. Siku moja maji hayafiki. Utafanya nini?

Mtu mwenye haraka hukaa shambani kwake akatukana. Husema, "Jirani wa juu ameniibia maji." Labda kweli, labda si kweli. Yeye hajui. Ameona mwisho tu. Njia yenyewe hajaiona.

Mtu mwenye akili huchukua jembe akaufuata mfereji. Husimama mahali pamoja akatazama: maji yapo? Yapo. Hushuka tena, husimama. Yapo? Yamepungua. Basi kosa liko kati ya mahali pale pawili. Hurudi katikati yake akasimama tena. Mwisho huona tundu la fuko, au jiwe lililoanguka. Huziba, maji hufika, na jirani hakutukanwa bure.

Andikeni maneno haya matatu: simamisha, tazama, endelea. Hayo ndiyo somo la leo. Yaliyobaki ni maelezo tu.

Pili: programu ni nini?

Kompyuta haina akili yake yenyewe. Hufuata maagizo iliyoandikiwa na watu. Maagizo hayo yakikusanywa pamoja huitwa programu. Programu kubwa hugawanywa mafungu. Kila fungu lina kazi yake na jina lake. Fungu moja laweza kuitwa "jumlisha", jingine "makato". Programu inapotaka kutoa makato, huliita fungu lile, hulipa namba, na kungojea jibu. Ni kama mzee anavyomtuma mjukuu dukani: humpa fedha, hungojea chumvi na chenji.

Ndani ya kompyuta maagizo yote ni namba tupu, nazo hupangwa katika kumbukumbu ya kompyuta kama nyumba zilizopangwa barabarani. Kila mahali pana namba yake. Namba ile tutaiita anwani. Kwa hiyo fungu lina mambo mawili: lina jina, ambalo watu hulisoma, na lina anwani, ambayo mashine huifuata. Kumbukeni sana tofauti hii ya jina na anwani. Tutairudia.

Tatu: dibaga na kituo

Programu inayotumiwa kutafutia makosa ya programu nyingine huitwa dibaga. Kwa Kiingereza jina lile lina maana ya kitu cha kutoa wadudu. Wahandisi waliita makosa "wadudu" tangu zamani. Tarehe 9 Septemba 1947, wafanyakazi wa mashine ya hesabu iliyoitwa Mark II, ya Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walimkuta nondo wa kweli amenaswa ndani yake. Walimbandika katika daftari lao la kazi, wakaandika kwa mzaha kwamba sasa mdudu wa kweli ameonekana.

Dibaga hufanya kazi ile ile ya mtu wa mfereji. Huisimamisha programu mahali unapotaka, ili utazame. Mahali pale pa kusimama tutapaita kituo. Jambo hili nalo ni la siku nyingi. Mwaka 1946 kompyuta iliyoitwa ENIAC ilionyeshwa kwa watu mjini Philadelphia. Waliokuwa wakiipangia kazi walikuwa wanawake sita. Mmoja wao, Betty Holberton, ndiye anayetajwa kuwa aliyeanzisha wazo la kituo. Siku zile walichomoa waya, mashine ikasimama pale, wakatazama. Siku hizi hatuchomoi waya. Dibaga moja inayotumiwa sana duniani huitwa GDB. Iliandikwa mwaka 1986 na Richard Stallman, naye aliitoa ili mtu yeyote aitumie na kuirekebisha bila kulipa.

Sasa, dibaga huwekaje kituo bila kuchomoa waya? Sikilizeni vizuri, maana ni ujanja mzuri. Katika kompyuta nyingi za mezani, dibaga huenda kwenye anwani uliyoitaja. Huichukua namba moja iliyoko pale, huiweka akiba, na mahali pake huweka namba 204. Kwa mashine zile, 204 ina maana ya "simama, mwite dibaga". Programu hukimbia, ikifika pale hukuta 204, husimama. Dibaga hukuambia, "Tumefika." Wewe watazama. Ukisema endelea, dibaga huirudisha namba ya kwanza mahali pake, hurudi nyuma hatua moja, huacha agizo lile la asili lifanyike, kisha huiweka tena 204 kwa safari nyingine.

Ni kama fundi aliyetoa tofali moja katika ngazi akaweka kengele mahali pake. Mtu akikanyaga, kengele hulia. Fundi hurudisha tofali, mtu hupita, kengele huwekwa tena. Fundi akisahau kurudisha tofali, mtu ataanguka, naye atasema ngazi ni mbovu, kumbe fundi ndiye mbaya.

Mwalimu wa darasa, zima redio kidogo hapa. Mwombe mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe habari ya tofali na kengele. Wengine wamsaidie.

Nne: yaliyotukia katika kijiji kimoja

Haya, twendelee. Sasa nitawasimulia jambo nililoliona mimi mwenyewe. Ni jambo la kijiji kimoja cha milimani. Sitakitaja, wala sitawataja watu wake, kwa kuwa wote ni jirani zetu.

Wakulima wa kijiji kile walikuwa na kikundi cha kuuza viazi. Kila juma lori lilikuja, viazi vikapimwa, lori likashuka kwa zile kona za Soni mpaka Mombo na kushika njia ya Dar es Salaam. Walikubaliana hivi: bei ni shilingi 700 kwa kilo, na kila mwanachama atatoa shilingi 2,000 kwa juma kusaidia usafiri. Kijana mmoja aliwaandikia programu ya malipo, akaondoka. Karani wa kikundi akawa ndiye mtu wa pekee wa kukaa mbele ya kompyuta.

Mama mmoja alileta mizigo mitatu katika juma moja: kilo 100, kilo 80 na kilo 60. Alikuwa mwanafunzi wa darasa letu la jioni. Fanyeni hesabu yake pamoja nami. Jumla ni kilo 240. Mara 700 ni shilingi 168,000. Toa 2,000, zabaki 166,000. Lakini mama alilipwa 162,000. Shilingi 4,000 hazikuonekana.

Zamani angalinyamaza. Safari hii alifungua daftari lake, akafanya hesabu mara mbili, akaja kwa mwenyekiti. Akasema, "Mzee, sikuja kugomba. Nimekuja kuhesabu." Wengine nao wakaleta hati zao. Wengine walikuwa wamelipwa sawasawa, wengine wamepunjwa. Basi maneno yakaanza. Watu wakasema, "Anayeshika kompyuta ni mmoja. Mwizi ni nani mwingine?" Karani alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto wanne, naye alikuwa ametunza fedha ya kikundi miaka mingi bila senti kupotea. Aliapa. Hakuna aliyemsikiliza.

Ukaitwa mkutano. Mimi nilialikwa kwa sababu ya darasa letu. Akaitwa pia kijana wa kijiji, aliyekuwa amemaliza masomo ya kompyuta. Kijana akafungua dibaga mbele ya watu wote. Akaweka kituo kwenye anwani ya fungu liitwalo makato, akaiendesha programu kwa mizigo ya yule mama. Programu ikasimama. Akaiambia dibaga, "Nionyeshe uzito." Dibaga ikaandika: 32,767. "Nionyeshe bei." Ikaandika: 0.

Ndugu zangu, mngaliusikia mlio wa watu! Mama alileta kilo 100, na mashine yasema kilo elfu thelathini na mbili na zaidi! Mwenyekiti akasimama akasema, "Karani, hizi kilo za uongo umezipeleka wapi? Kesho tutakwenda polisi." Nami, sitawaficha, niliitikia kwa kichwa. Niliamini, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Siku zote nafundisha watu wasiamini kila kilichoandikwa, na siku ile niliamini.

Kijana hakuitikia. Alitazama namba zile akakunja uso. Akasema, "Wazee wangu, naomba saa moja. Namba hizi sizielewi. Kabla ya kumpima karani, niache nikipime chombo changu."

Tano: kupima kipimo

Wauza viazi wote wajua jambo hili. Ukitilia shaka mizani, hupimi viazi tena na tena. Wachukua jiwe la kilo moja lililo sahihi, walipima. Mizani ikisema kilo moja, ni nzuri. Ikisema kilo moja na robo, mizani ndiyo yenye kosa. Yaani, chombo hupimwa kwa kitu ambacho jibu lake walijua tayari.

Kijana akafanya vivyo hivyo. Aliandika programu ndogo sana yenye fungu moja, jina lake "jumlisha". Fungu lile hupewa namba 7 na 5, nalo hujibu 12. Hata mtoto ajua jibu. Kisha akafanya majaribio manne, nami nikayaandika katika daftari langu. Nanyi andikeni.

Jaribio la 1. Aliiendesha programu bila kituo chochote. Jibu: 12. Vizuri.

Jaribio la 2. Aliweka kituo kwa jina la fungu, "jumlisha". Programu ikasimama. Dibaga ikaonyesha 7 na 5. Akasema endelea. Jibu: 12. Vizuri.

Jaribio la 3. Aliweka kituo kwenye anwani yenyewe ya fungu. Katika GDB hufanywa kwa kutanguliza alama ya nyota mbele ya jina. Programu ikasimama. Dibaga ikaonyesha namba mbili za ajabu. Si 7, wala si 5. Akaisogeza mbele agizo moja moja, polepole. Baada ya maagizo machache, namba za ajabu zikatoweka, zikaonekana 7 na 5. Akasema endelea. Jibu: 12.

Jaribio la 4. Aliondoa vituo vyote, akaiendesha tena. Jibu: 12. Maana yake tofali lilirudishwa. Dibaga haikuiharibu programu.

Sasa fikirini. Katika jaribio la tatu jibu la mwisho lilikuwa sahihi, lakini namba zilizoonyeshwa mlangoni zilikuwa za uongo. Kwa nini?

Sita: mlangoni na ndani

Nitaeleza kwa mfano wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mgeni anakuja na barua mbili mfukoni. Anafika mlangoni. Anaingia, anavua kofia, anavuta kiti, ndipo anatoa barua mfukoni na kuziweka mezani. Wewe umeambiwa, "Barua za mgeni husomwa mezani." Ukimsimamisha pale mlangoni, kisha ukatazama mezani, utaona nini? Utaona karatasi za mgeni wa jana. Utazisoma ukidhani ni zake. Mgeni hana kosa, na karatasi hazina kosa. Umetazama kabla ya wakati.

Fungu la programu nalo huingia vivyo hivyo. Katika kompyuta ile, linapoitwa, namba lilizopewa ziko katika vijisanduku vidogo ndani ya prosesa. Hivyo ndivyo mfuko wa mgeni. Maagizo ya kwanza ya fungu si ya kazi yenyewe. Ni ya maandalizi. Hutengeneza nafasi katika kumbukumbu, ndiyo meza, kisha huziweka namba pale. Baada ya hapo kazi huanza.

Ukiitajia dibaga jina la fungu, hutazama orodha yake ya majina na mistari, huyaruka maandalizi, na kuweka kituo pale ambapo barua ziko mezani. Ukiitajia anwani, hukutii neno kwa neno: huweka kituo mlangoni kabisa. Hapo namba za kweli bado zimo mfukoni, na dibaga yasoma mezani. Husoma masalio ya kazi iliyopita. Ile 32,767 iliyotutisha haikuwa kilo za mtu yeyote. Katika kompyuta za aina ile namba hii huonekana mara kwa mara, kwa sababu ni kipande cha anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu, kilichosalia pale.

Basi dibaga ilikosa? Hapana. Ilifanya ilivyoagizwa. Kijana ndiye aliyeuliza mahali pasipofaa, na sisi wengine ndio tuliolipokea jibu kwa haraka.

Msidhani kwamba kituo cha mlangoni hakina faida. Kina faida kubwa. Wataka kumwona mgeni kabla hajagusa kitu? Simama mlangoni, lakini tazama mfukoni, yaani katika vile vijisanduku vya prosesa. Programu haina orodha ya majina? Anwani ndiyo njia iliyobaki. Wataka kuhesabu wageni tu? Mlango watosha. Neno ni moja: ujue umesimama wapi, ndipo usome.

Saba: kosa laonekana

Kijana akarudi kwenye programu ya malipo. Safari hii aliweka kituo kwa jina la fungu. Programu ikasimama. Uzito: 100. Bei: 700. Kimya kikaingia chumbani. Akasema endelea. Programu ikasimama tena. Uzito: 80. Endelea. Ikasimama mara ya tatu. Uzito: 60. Endelea. Ikamaliza.

Yule mama ndiye aliyeona kwanza. Akasema, "Mwanangu, mbona imesimama mara tatu? Makato ni mara moja kwa juma."

Naam, hapo ndipo palipokuwa na tundu la fuko. Mwandishi wa programu alikuwa ameliweka fungu la makato liitwe kwa kila mzigo, badala ya kuitwa mara moja kwa kila mwanachama. Aliyeleta mzigo mmoja alikatwa 2,000, sawasawa. Aliyeleta mitatu alikatwa 6,000. Ndiyo maana wengine walipunjwa na wengine hawakupunjwa. Kijana akafungua pia daftari la hesabu la kompyuta. Fedha zote zilizozidi zilikuwemo katika mfuko wa usafiri, hata shilingi moja haikutoka. Karani hakuchukua kitu.

Mwenyekiti alinyamaza kitambo. Kisha alisimama, akamwendea karani, akamshika mkono mbele ya mkutano, akasema, "Ndugu yangu, tumekukosea." Karani hakusema mengi. Alisema, "Mngenipeleka polisi kesho, watoto wangu wangesikia shuleni." Kisha akaomba orodha ya waliopunjwa ili aanze kuwarudishia. Nami nilimwomba radhi kando, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimeitikia.

Nane: maonyo matatu

Kabla hatujaachana, nawapa maonyo matatu kuhusu vituo. Yatawafaa vijana wenu wanaosoma kompyuta; wasomeeni nyumbani.

La kwanza. Usiandike anwani kwa kukisia. Katika mashine zile za 204, agizo moja laweza kuwa namba moja, na jingine namba kadhaa mfululizo. Ukiweka kituo katikati ya agizo, umeharibu agizo lenyewe, kama mtu aliyefuta silabi moja katikati ya neno. Programu itafanya mambo ya ajabu, nawe utadhani umelipata kosa, kumbe umelitengeneza. Wala usitumie anwani ya jana. Mifumo mingi ya siku hizi huipakia programu mahali tofauti kila inapoanzishwa, ili wahalifu wasiweze kuikisia.

La pili. Programu kutosimama si ushahidi kwamba kazi haikufanyika. Wakati mwingine ile programu inayotafsiri maandishi ya mtu kuwa namba za mashine hufupisha njia. Badala ya kuliita fungu dogo, huyanakili maagizo yake mahali yanapohitajiwa. Kazi yafanyika, lakini hakuna aliyepita mlangoni. Mlinzi atasema, "Sikumwona mtu," naye atakuwa amesema kweli.

La tatu. Kila chombo kipimwe kwa jambo ambalo jibu lake lajulikana. Fanya 7 na 5 kwanza. Uliza: Je, kimesimama? Kimesimama wapi? Kimeonyesha nini? Nikikiondoa, je, jibu ni lile lile? Kikifaulu katika madogo, ndipo ukiamini katika makubwa.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1973 wazee wetu waliketi katika vikundi mbele ya redio kama ninyi, wakajifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walifundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji, ili ugonjwa uzuiwe mahali unapoanzia. Leo mashine zimeongezeka, na hesabu zetu nyingi zimo ndani yake: mizani, malipo, fedha za simu. Hatuwezi sote kuwa mafundi wa kompyuta. Lakini sote twaweza kuweka daftari, kufanya hesabu, na kuuliza swali kwa adabu. Shilingi 4,000 za yule mama zilionekana kwa sababu alijua kujumlisha na kutoa. Jina la karani liliokoka kwa sababu mtu mmoja alisema, "Niache nikipime chombo changu kwanza." Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mtu wa mfereji na dibaga wanafanana katika mambo gani?
2. Jina la fungu na anwani ya fungu zina tofauti gani?
3. Kwa nini dibaga ilionyesha kilo 32,767, na mama alileta kilo 100?
4. Mwanachama ameleta mizigo minne katika juma moja. Kwa programu ile yenye kosa, alikatwa shilingi ngapi? Alistahili kukatwa ngapi? Arudishiwe ngapi?
5. Katika kijiji chenu kuna chombo gani ambacho watu hukiamini bila kukipima? Mtakipimaje?

Jibu la swali la nne liandikeni katika daftari, mmwonyeshe mwalimu. Katika somo lijalo tutasoma ujumbe wa malipo unaokuja kwa simu, mstari kwa mstari, nasi tutafanya hesabu yake kwa kalamu.

Wanaoshuka mlima usiku huu washuke salama, maana utelezi ni mwingi. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.